Mende wamekua wakubwa kuliko kichwa cha kinyonga, nimpe ama niache?

askari_wa_geti

Wadau habari zenu, naomba msaada wa haraka na Kiswahili changu ni cha Kampala mnisamehe mapema. Mimi ni askari wa geti hapa Ntinda, boss wangu mzungu amesafiri kwao mpaka mwezi wa pili, ameniachia kinyonga wake nimwangalie (kinyonga mnyama, sio Jose Chameleone mwanamuziki, najua mtaanza). Ni yule mwenye kofia imesimama juu ya kichwa, boss anasema asili yao ni Yemeni. Ameniachia pia beseni kubwa la plastiki limejaa mende, na sio hawa wetu wa jikoni, hawa ni wapana, rangi ya kahawa na madoa, wazito kutembea na plastiki hawawezi kuipanda. Anawaita dubia.

Sasa shida iko hivi. Wakati boss anaondoka kulikuwa na wadogo wengi kama punje ya maharage, akaniambia mpe watano kila asubuhi. Mimi nikawa nachagua wale wadogo tu kila siku, wakubwa nawaruka kwa sababu nawaogopa hata mimi, leo ni wiki ya sita naangalia ndani ya beseni wadogo wamebaki wa kuhesabu, wengine wote ni majitu, mmoja anajaa kidole gumba changu kizima. Jana nikasema potelea mbali, nikabandika mmoja kwenye waya wa kibanda chake. Kinyonga akamwangalia kwa jicho moja, akaleta na la pili, akapiga ulimi, ukashika sawa sawa. Lakini na yule mende akashika waya kwa miguu yote sita hakutaka kuachia! Wakavutana bannange, huyu anavuta huyu anavuta, ulimi umetoka kama raba ya manati, sekunde tano sita hivi ndio ukaachia, ukarudi mdomoni pole pole sio kwa ile spidi ya siku zote. Mende akabaki pale pale kwenye waya kama hakuna kilichotokea.

Tangu jana hajala. Boss nimemuandikia WhatsApp, tiki moja tu. Huyu mnyama akifa nitasema nini mimi, mshahara wangu wenyewe mnaujua wa askari. Naomba kujua mende mkubwa hivi analiwa ama haliwi, naweza kumkata vipande, na ule ulimi utapona?


boda_wa_kireka

Ssebo umelinda geti miaka yote wezi wamekushindwa, leo unashindwa na mende 😂😂

Kama shida ni saizi njoo kwetu Kireka, choo cha landlord kina mende wa kila namba, unachagua kama viatu vya soko la Owino. Bei ni soda tu. Lakini kumgusa huyo nawolovu (kinyonga) mwenyewe mimi siwezi, sisi utotoni tukimuona kwenye mpera tunaacha mapera yote tunakimbia.


mama_amayenje

Boda acha kumpotosha mwenzio, hilo la mende wa chooni ndio kosa la kwanza watu wanafanya. Mende wa chooni na jikoni hujui amepita wapi, jirani kapuliza dawa jana, mende hajafa bado anatembea na sumu mwilini, kinyonga akimla yeye ndio anakufa badala ya mende. Na hata kama hakuna dawa wanabeba minyoo na wadudu wa kuharisha kutoka huko chini. Askari mwanangu usijaribu hata siku moja, hata njaa ikiwa kali vipi. Heri akae siku tatu bila kula, kinyonga mkubwa mwenye afya hafi kwa siku tatu.

Mimi nafuga nyenje huku Masaka, nauzia watu wa samaki na kuku, na mwenzangu mmoja alikuwa na dubia nikajifunza kwake, kwa hiyo nakueleza ninachokijua kwa mikono.

Hao majitu yako sio chakula, ni wazazi. Hapo ndipo umechanganya mambo, na sio kosa lako, hukuambiwa. Dubia akimaliza kukua anafika sentimita 4 mpaka 4 na nusu hivi, na ni mpana kama kijiko cha chai. Yule mwenye mabawa marefu yanayofunika mgongo wote ni dume, yule asiye na mabawa, ana vipande viwili vidogo tu mabegani, ni jike. Jike hatagi mayai ukayaona, anazaa watoto hai, ishirini, thelathini kwa mkupuo, weupe weupe wakitoka tu halafu wanageuka rangi. Wewe umekula mbegu ukaacha... hapana nimesema vibaya, umekula watoto wote ukawaacha wazazi, na wazazi wapo, kwa hiyo huna shida ya chakula, una shida ya kusubiri.

Kipimo cha mdudu ni kichwa cha kinyonga. Chukua rula mpime upana wa kichwa, wakati ametulia, usimkamate. Urefu wa mdudu usipite upana huo, na unene wake usipite nafasi iliyo kati ya macho mawili. Sisi kwa nyenje tunalegeza kidogo maana nyenje ni laini, mende ni mgumu, ganda lake ni kama ngozi ya viatu na miguu ya nyuma ina miiba kama msumeno, huwezi kulegeza.


askari_wa_geti

Mama asante sana. Nimepima kwa rula ya mtoto wa jirani, kichwa ni kama sentimita 2 na kidogo. Mende 4 na kitu. Yaani nilitaka kumlisha kitu mara mbili ya kichwa chake, ni kama mtu akuletee nanasi umeze na maganda.


mwanafunzi_wa_mifugo

Habari za jioni. Mimi niko mwaka wa nne, udaktari wa mifugo, sio daktari bado kwa hiyo chukua kama ushauri wa jirani, na hali ikibadilika nenda kwa daktari mwenyewe. Pale Makerere kuna kitivo cha mifugo, na wengi watakuambia wanajua ng'ombe na mbwa zaidi ya kinyonga lakini ukiuliza kwanza kwa simu unapata anayejua reptilia.

Kuhusu ulimi. Ulimi wa kinyonga unatoka mpaka mara moja na nusu, hata mara mbili ya urefu wa mwili bila kuhesabu mkia, na unarudishwa na misuli ambayo imejipanga kwa ajili ya mdudu anayeachia. Mdudu akishikilia waya au tawi misuli inavutwa kupita kiasi, inaweza kuchubuka, ikiwa mbaya inachanika na ulimi haurudi tena. Wako umerudi wenyewe, hiyo ni dalili nzuri. Sasa angalia vitu vitatu: ncha ya ulimi isining'inie nje ya mdomo, mdomo ufunge vizuri bila pembeni kubaki wazi, na kidevu kisivimbe. Kimojawapo ukikiona usikae kusubiri mpaka Jumatatu.

Kama vyote viko sawa mpumzishe siku mbili, halafu mpe mmoja mdogo kabisa, umuweke kwenye kikombe ili asimpige kwa mbali. Kikombe ndio dawa ya huu ugomvi wote. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata sehemu ya chini urefu wa kiganja, funga kwenye tawi mahali anapopenda kukaa, tia mende ndani. Plastiki ni laini, mende hana pa kushika, ulimi ukipiga anang'oka hapo hapo. Waya ni mbaya sana kwa mende, miguu yao imeumbwa kwa ajili ya kushikilia. Kuna wale mende wa Madagascar wanaotoa sauti kama nyoka, hao wanafika sentimita 5 mpaka 7 na wakishika kitu hata wewe mwenyewe kuwabandua ni kazi.

Tatizo la kikombe ni kwamba dubia ni mjanja, ukimuweka anajifanya amekufa, na kinyonga anataka kitu kinachotikisika. Tikisa kikombe kidogo ama weka kipande cha karoti ndani, watasogea kukila.


mtu_wa_mwanza

Samahani naingia toka upande wa pili wa ziwa. Mnamtisha kijana bure. Mimi nina dume wa aina hiyo hiyo, ni mkubwa, kutoka pua mpaka mkia anapita nusu mita, anakula dubia wakubwa mwaka wa pili huu hajawahi kukwama. Ila simpi kienyeji. Namkamata mende kwa kibano kirefu, naminya kichwa, nakata mabawa na ile miguu miwili ya nyuma yenye miiba kwa mkasi, namshikia mbele yake mpaka anapiga ulimi halafu naachia kibano HAPO HAPO. Mende aliyeminywa kichwa bado anatapatapa miguu muda mrefu tu, kwa hiyo kinyonga anamuona yuko hai, lakini hana nguvu ya kushika wala kung'ata. Na natoa madume tu, ni wembamba, majike nabakisha.

Halafu kuna bahati ukiipata: mende akitoka kujivua ganda anakuwa mweupe pe kama ugali, laini mwili mzima, anakaa hivyo saa chache tu. Huyo hata akiwa mkubwa kidogo anapita vizuri. Ila usitegemee, utamkuta mara moja kwa wiki.


mwanafunzi_wa_mifugo

Kaka wa Mwanza sikupingi, kwa dume la nusu mita lenye kichwa kipana inawezekana, na hiyo ya kibano na mkasi ndiyo njia sahihi. Lakini wa askari kichwa ni sentimita 2. Huyo hata umkate miguu yote mende bado ni mpana mno. Kinyonga hatafuni kama sisi, anaponda mara chache anameza, kikikwama kooni kinakaa juu ya njia ya hewa, na ukijaribu kukivuta kwa kidole unavunja meno na taya. Kuhusu kukata vipande, askari, kipande hakitembei, wengi wao hawakioni kama chakula. Usihangaike na hilo.

Swali langu ni moja. Askari, ni dume ama jike? Angalia mguu wa nyuma, nyuma ya kisigino, kama kuna kinundu kidogo kama mwiba wa jogoo. Aina hiyo ya Yemeni dume huzaliwa nacho.


askari_wa_geti

Nimeangalia kwa tochi ya kazi. Hakuna mwiba. Visigino vyote viwili laini kabisa. Yaani ni mwanamke?? Boss anamwita Hans!

Ulimi hauning'inii, mdomo unafunga, kidevu sioni uvimbe.


boda_wa_kireka

Hans wa kike 😂😂😂 endeleeni mimi naleta soda


mama_amayenje

Sasa hapo mambo yamebadilika mwanangu, na hao mende watano kila siku kwa wiki sita nao tuwaongelee. Kinyonga mdogo anayekua hula kila siku, sawa. Lakini aliyekomaa, watatu wanne siku moja, kesho unampumzisha, inatosha sana. Kwa jike ndio muhimu zaidi kwa sababu wa aina hii hutaga hata bila kuona dume maisha yake yote, na kadiri unavyomshibisha ndivyo anavyotengeneza mayai mengi, hutaga ishirini, akishibishwa sana anafika hamsini, sitini, mwili unaishiwa, na wengine yanawakwama tumboni wanakufa nayo. Ni kama kuku wa mayai, ila kuku hutaga moja kwa siku, huyu anabeba tenga zima.

Niambie pia hao mende wenyewe unawalisha nini, maana kinyonga anakula kile alichokula mende.


askari_wa_geti

Mende nawapa mabaki yangu. Posho (ugali), maharage, na unga wa mukene (dagaa) ninaopata kwa mama wa chakula, wanaupenda ule mukene kufa, wanaparamiana. Boss aliacha pia vikopo viwili vya unga mweupe lakini sijavigusa, sikujua ni vya nani, nilifikiri ni dawa ya boss.


mama_amayenje

Yesu wangu. Mukene acha leo leo.


mwanafunzi_wa_mifugo

Nisaidie kueleza kwa nini, maana mtu akiambiwa acha bila sababu anarudi.

Mende ana tabia ya ajabu, akila protini nyingi hakojoi taka yake yote nje kama wanyama wengine, anaihifadhi kwenye mafuta ya mwili wake kama asidi ya uriki, ni akiba yake ya siku za njaa. Ukimlisha mukene, chakula cha mbwa, chakula cha kuku wa mayai, anajaza akiba hiyo. Kinyonga akimla anaimeza yote, figo zake zinashindwa kuitoa, inaganda kwenye viungo, hiyo ndiyo gauti. Viungo vya miguu vinavimba, anashindwa kushika tawi. Na mende mkubwa aliyekaa miezi kwenye mukene ana akiba kubwa kuliko mtoto wa wiki mbili, hiyo nayo ni sababu nyingine ya kutomlisha wale wazee.

Wape mende mboga: sukuma wiki, majani ya viazi vitamu, karoti, boga, kipande cha embe ama chungwa kwa maji. Dodo (mchicha, sio embe) siku moja moja sio kila siku. Pumba kidogo ya mahindi kwa kavu. Walishwe vizuri siku moja ama mbili kabla kinyonga hajawala, ndio tumbo la mende linakuwa mfuko wa mboga. Na osha hizo mboga, za sokoni nyingi zimepigwa dawa ya wadudu, na mende ni mdudu.

Vikopo vya unga ndivyo roho ya kinyonga, ndugu yangu. Wadudu karibu wote wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kinyonga akila hivyo tu anachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka taya inakuwa laini kama mpira na miguu inapinda. Soma vikopo, kimoja kitakuwa kimeandikwa D3 (vitamini) na kingine hakina. Kile kisicho na D3 unapaka mende karibu kila mlo, kidogo tu, tia mende kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) na chembe ya unga, tikisa, watoke kama wamepita kwenye kinu cha muhogo. Kile chenye D3 mara mbili kwa mwezi basi, kikizidi nacho ni sumu.


mtu_wa_mwanza

Unga ukiisha kabla boss hajarudi: maganda ya mayai, chemsha, kausha, toa ile ngozi ya ndani, saga mpaka uwe laini kama poda ya mtoto. Huku watu wengine wanasaga makombe ya ziwani yale ya chakula cha kuku, mimi siyapendi, yanakuja na mchanga na huwezi kuyasaga laini.


mama_amayenje

Hata huku tunayo, ya kuku sawa, ya kinyonga hapana. Maganda ya yai ndio bora. Na usinunue ile chokaa ya kuku ya dukani yenye fosforasi ndani, fosforasi anayo tayari ya kutosha.

Na jua! Askari mnyama huyu ana taa ya UVB (yenye miale kama ya jua) ama hana?


askari_wa_geti

Taa ipo lakini umeme hapa unakwenda unarudi, juzi tulikaa giza tangu saa sita mchana mpaka usiku.


mama_amayenje

Basi mtoe nje asubuhi, jua la saa mbili mpaka saa nne, nusu saa inatosha, tuko hapa kwenye ikweta jua tunalo la bure. Ila kwenye kibanda cha waya, SIO kwenye sanduku la kioo, kioo juani kinampika kama keki na tena kinazuia ile miale yenyewe unayoitaka. Nusu ya kibanda iwe na kivuli cha majani ili akichoka ajifiche. Na usiondoke, kaa hapo hapo, kuna paka, kuna kunguru, na kuna siafu. Siafu wakipanda kibanda usiku asubuhi unakuta mifupa, nimepoteza nyenje ndoo nzima usiku mmoja. Miguu ya meza ya kibanda iweke kwenye mikebe ya maji na mafuta kidogo juu, kama kabati la nyama la zamani. Beseni la mende vile vile.

Joto pia linahusika na huo ukubwa wa chakula. Mlishe asubuhi, sio jioni. Anahitaji mchana mzima wa joto kusaga mende, ukimpa jioni halafu usiku ukawa baridi ile ya mvua, mdudu anakaa tumboni anaoza. Na mende ambaye hakuliwa mtoe kabla ya usiku. Watu husema nyenje tu ndio anang'ata kinyonga aliyelala, mende mwenye njaa naye hujaribu, anaanzia kwenye vidole.


jirani_wa_entebbe

Nimesoma tu naongeza moja. Askari muulize boss akirudi kama ana karatasi za huyo mnyama. Vinyonga wa aina hii wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, kuwapitisha mpaka kunahitaji kibali, na kwa hawa wetu wa porini sheria ya wanyamapori ya 2019 inasema ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, kumfuga lazima upate ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Sikutishi, ila wewe ndiye uko getini, akija mtu kuuliza atakuuliza wewe. Na msije mkaokota wa kwenye bustani mkamfanya mwenza wa Hans.


askari_wa_geti

Nimesikia mzee, nitamuuliza boss kwa adabu.

Ripoti, siku ya nne leo. Juzi asubuhi nilikata chupa kama mwanafunzi alivyosema, nikamuwekea mtoto mmoja wa mende kama punje ya dengu, nikampaka unga. Akakaa anamwangalia dakika kama kumi mimi miguu inaniuma kusimama, halafu TAK, ulimi umetoka umerudi kama zamani!! Nilipiga kelele mpaka dada wa jikoni akaja mbio akidhani ni mwizi. Jana nikamuwekea wawili, hakuwagusa. Leo pia hajawagusa. Lakini sio mgonjwa, macho yako wazi, rangi imekolea, ana madoa ya njano na buluu ambayo sikuwahi kuyaona. Anashuka chini, anazunguka kwenye sakafu ya kibanda, anakwaruza kona na miguu ya mbele. Nampandisha juu kwenye tawi, anashuka tena. Ni mukene?


mama_amayenje

Sio mukene mwanangu. Ni mayai.


mwanafunzi_wa_mifugo

Mama amepatia. Kukataa kula, kutotulia, kukwaruza chini, hizo rangi, ni anatafuta pa kuchimba. Kumbe na ile siku ya mvutano huenda alikuwa tayari anaanza. Usimpandishe tena kwenye tawi, na usimlazimishe kula.

Sikiliza vizuri. Ndoo ama beseni, kina sentimita 30 usipunguze, ujaze mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuoshwa, uulowanishe mpaka ukitoboa shimo kwa kidole lisibomoke, lakini maji yasituame chini. Ingiza ndoo ndani ya kibanda, funika pande tatu kwa gunia ama kanga. Akianza kuchimba hataki kuonwa, akikuona anaacha, na akiacha mara nyingi mayai yanakwama. Kwa hiyo wewe uliyezoea kulinda, hii kazi linda kwa kugeuka nyuma. Mpulizie maji kwenye majani asubuhi na jioni, hanywi kwenye bakuli, anaramba matone.

Anaweza kuchimba usiku mzima, hata siku mbili. Ukimkuta amelala chini mchana macho yamefungwa, hana nguvu ya kushika kidole chako, hapo panda boda nenda kwa daktari, usiulize huku tena.


mama_amayenje

Akimaliza atafukia mwenyewe, atatoka amechafuka na amekonda kama mtu wa malaria. Hapo ndipo umpe maji mengi, na mende wadogo wenye unga siku mbili tatu mfululizo, halafu urudi kwenye ile ya siku moja kula siku moja kupumzika. Mayai hayatatoka watoto kwa sababu hakuna dume, usihangaike kuyaatamia.

Na kuhusu wadogo: majike yako makubwa yapange kwenye trei za mayai ndani ya beseni, trei zisimame wima, gizani, dume mmoja kwa majike manne ama matano. Wanataka joto la digrii 28 mpaka 32, chumba cha Kampala usiku kiko chini ya hapo, weka beseni karibu na friji kwa nyuma ama juu ya kabati. Madume yaliyozidi mpe kaka wa Mwanza kama yupo karibu, ha ha. Funga barakoa ukisafisha kinyesi chao, vumbi lake linaleta mafua na kukohoa kwa watu wengi, na osha mikono ukishika kinyonga, na vyombo vyake usivioshee kwenye sinki la jikoni, vinyonga wanabeba salmonela (bakteria wa kuharisha) bila kuumwa wao.


boda_wa_kireka

Mende wanalala kwenye trei za mayai karibu na friji ya boss, kinyonga anazaa kwenye ndoo ya mchanga, wewe unalinda umegeuka nyuma. Askari hiyo nyumba boss akirudi hataitambua. Kama kuna safari ya daktari usiku nipigie, ya Hans ni bure.


askari_wa_geti

Ndoo nimepata ya rangi ya lita 20, nimeisugua mpaka harufu imeisha. Mafundi wanajenga nyumba ya tatu kutoka hapa wamenipa mchanga, dada wa jikoni anauosha sasa hivi anacheka. Boss tiki zimekuwa mbili za buluu, ameandika neno moja tu, "Eggs??" na amepiga simu mara tatu nikiwa nachekecha.

Ngoja nimpigie, halafu naweka ndoo.